Ukihama R kwenda Python, mwangalie mtu wa kwanza

Wengi mmeniuliza kuhusu zile meseji za tarehe za chanjo ya kuku ninazotuma kwa kompyuta. Leo nakueleza kosa nililofanya, maana nawe ukishika orodha za wafugaji unaweza kulirudia.

Nilianza na R, kwa ajili ya takwimu. Huko jina la kwanza kwenye orodha ni namba 1, na 1:20 inapita majina yote 20, kama tunavyohesabu mashimo ya mahindi. Nilipohamia Python nikaandika kwa mazoea yaleyale: for i in range(1, len(majina)). Programu haikulalamika. Meseji zikaenda, nikalala.

Kumbe Python huanza kuhesabu na 0. Namba 1 kwake ni mtu wa pili. Nami nilikuwa na orodha moja kwa kila kitongoji, vitongoji 9, majina yamepangwa kwa alfabeti. Kila kitongoji mtu wa juu aliachwa; akina Abdallah na Agnes.

Mmoja wao ni mama mjane. Alinifuata ofisini: "Mwanangu, jirani yangu mlimtumia meseji, mbona mimi hamkunitumia?" Mdondo ulikuwa umeshapita bandani kwake. Kati ya kuku 23 walibaki 4. Nilimwambia ukweli kwamba kosa ni langu. Hakugomba, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Sasa fanya hivi. Kama huhitaji namba ya nafasi, usiitumie kabisa: Python andika for jina in majina, R andika for (jina in majina). Ukiihitaji, Python ina enumerate, R ina seq_along. Usizoee 1:length(majina), maana orodha ikiwa tupu R itazunguka mara mbili, 1 kisha 0.

Ukizungusha jedwali zima katika R, utapewa safu wima moja moja, si mfugaji mmoja mmoja. Kamusi ya Python nayo hukupa funguo tu, yaani majina bila simu, ongeza.items(). Wa JavaScript, for...in hukupa nafasi, for...of ndiyo hukupa majina.

Kabla ya kutuma, toa kwenye skrini jina la kwanza, la mwisho na idadi, ulinganishe na daftari. Mimi nafanya hivyo kwa kila kitongoji, kisha nampigia yule mama kuuliza kama yake imefika.