Kuchagua Kipimo cha Mwangaza

Mu foto ya wafinalisti wa mwaka jana mashati meupe yanaonekana vizuri, lakini nyuso ni kama makaa. Mmoja wao amekwisha kufa. Mama yake alituomba sura yake, tukakosa ya kumpa. Aparei ilipima mashati, ikasahau watu.

Basi tunatafuta kipimo cha mkono chenye kipira cheupe: unakiweka karibu na uso, unakielekeza kwa aparei, kinapima mwangaza wenye kuanguka juu ya mtu, hapana rangi ya nguo. Cha seleniamu hakiombe pile, lakini kikizeeka kinadanganya. Tutakijaribu mu jua kali: ISO 100, 1/125, sindano ionyeshe karibu 16. Kikikataa, hatununue.

Mwaka huu kila mama apate uso wa mtoto wake.