Kilele Tulichokiacha Juu ya Wadi Bani Khalid

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu huku ugenini haikosi picha ya Omani ukutani, na aghalabu picha hiyo huwa ya ngome, ya mtende au ya jahazi. Wazee wakitaja asili zao hutaja Ibra, Mudhayrib au Sur, kisha masimulizi yakaruka moja kwa moja mpaka baharini, kwenye kaskazi na majahazi yaliyoteremka Lamu na Unguja. Milima haitajwi. Nasi hatukuwahi kuiulizia, mpaka Januari iliyopita tulipokwenda huko watu watano, watu wazima watatu na vijana wawili waliozaliwa Uingereza, tukakusudia kuipanda kwa miguu yetu.

Tulianzia upande wa Nizwa, kama wafanyavyo wageni wengi. Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote ya Omani, una kimo cha mita zipatazo 3,000, na gari hupanda mpaka karibu na ukingo wa bonde kuu. Kutoka hapo njia za miguu zimetiwa alama za rangi juu ya mawe, manjano, nyeupe na nyekundu, hata ni vigumu kupotea. Kilele chenyewe hakiendeki, kwa kuwa ni eneo la jeshi. Wapandaji huishia kwenye kilele jirani cha kusini. Ni pahali pazuri, hatukatai, lakini mahema yalikuwa mengi na muziki ulikuwa juu, ilhali sisi tulifuata kimya. Tukateremka, tukaelekea mashariki.

Ibra tulifikia kwa jamaa. Bibi wa nyumba, mzaliwa wa Unguja aliyehamia huko katika miaka ya 1970, alitupokea kwa kahawa, halua na Kiswahili kilicho safi kuliko chetu. Alipoambiwa tunakwenda milimani alistaajabu. "Wanangu, huko mnafuata nini? Kuna mbuzi tu." Hata hivyo ni yeye aliyetutafutia mzee wa kutuongoza, mtu wa Wadi Bani Khalid, aliyechunga mbuzi katika milima ile tangu utotoni. Mzee huyu hakujua Kiswahili ila maneno matatu aliyorithi kwa baba yake, baharia wa zamani: "polepole", "maji" na "bado". Maneno hayo yalitutosha safari nzima.

Huenda msomaji akauliza haja ya kiongozi ni nini. Milima ya Hajar ya Mashariki si mirefu sana, vilele vyake vikubwa hufika mita 2,000 na ushei, lakini sehemu kubwa ni mawe ya chokaa yaliyochongoka, yenye kukata viatu na viganja. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu bali huzama katika nyufa. Katika uwanda wa Salma, upande wa kaskazini, lipo pango liitwalo Majlis al-Jinn, ambalo wapelelezi waliliingia kwa kamba mwaka 1983. Ndani yake ungeweza kusimamisha mnara wa mita 100, lakini anayepita juu haoni ila tundu ardhini.

Siku ya kwanza mzee alitupeleka kwa gari, kwa barabara mbovu mno, kuitazama minara ya Jaylah. Ni makaburi ya mviringo yaliyojengwa kwa mawe matupu, bila ya udongo wala chokaa, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, nayo yamesimama ukingoni mwa uwanda ambako upepo haukatiki. Mengine yamebomoka, mengine ungedhani mwashi ameondoka jana. Vijana wetu, ambao hata kanisa la miaka mia tano huwachosha, walizunguka pale kwa saa nzima bila ya kusema neno.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa siku yetu. Ipo njia ya kale ya punda inayovuka milima kutoka Wadi Bani Khalid mpaka Tiwi, pwani. Tuliifuata tangu baada ya sala ya alfajiri, kisha tukaiacha na kushika mgongo wa mlima usiokuwa na njia, tukikiendea kilele ambacho katika ramani yetu hakina jina. Mzee alituambia kwamba kutoka juu yake bahari huonekana. Hilo ndilo tulilolitaka: kusimama nyuma ya Ibra na kuiona bahari ile ile waliyoiendea mababu zetu.

Alama pekee zilikuwa marundo madogo ya mawe, matatu au manne yaliyopangwa na wachungaji, na mara nyingine hayo nayo hayakuwapo. Tulipita mazizi yaliyoachwa, kuta zake zikiwa zimefika kiunoni. Kijana mmoja aliona katika jiwe umbo la kombe, kisha jingine, kisha jiwe zima limejaa makombe. Milima ile ilikuwa chini ya bahari katika zama zisizokadirika. Kusini, chini kabisa, mchanga wa Wahiba ulionekana kama mstari wa rangi ya kutu.

Saa sita mchana tulifika penye birika la mwamba ambalo mzee alitarajia kulikuta na maji. Lilikuwa kavu, na chini yake mavi ya mbuzi tu. Tukasali hapo kwa kutayamamu ili tusipunguze maji ya kunywa. Unguja tulizoea kuelekea kaskazini, Uingereza huelekea kusini-mashariki. Pale tuliuelekea upande wa magharibi, na kijana mdogo aliangalia dira mara mbili kabla ya kuamini.

Baada ya sala mzee akaomba chupa zote. Akazipanga juu ya jiwe, akazihesabu, akatutazama. Zilipungua. Hapa hatuna budi kusema kweli: asubuhi dumu moja lilipasuka ndani ya mfuko wetu, kwa sababu tulilipakia vibaya juu ya mawe ya kupikia, na sisi watu wazima tulinyamaza tusije tukarudishwa. Kilele kilikuwa mbele yetu, mwendo wa saa moja, pengine kidogo zaidi. Tulimsihi. Tulimwambia tumetoka mbali, kwamba tutakunywa mafunda tu. Aliyetuaibisha ni kijana mkubwa, ambaye mdomo wake ulikuwa umepasuka kwa ukavu: alivaa mfuko wake mgongoni na kugeuka akaelekea tulikotoka. Mzee akasema, "Bado," akatangulia.

Tuliteremka kwa saa tano. Maji ya mwisho tuliyanywa kabla ya kuiona mitende ya kwanza, na mmoja wetu mkubwa alikuwa amekwisha kutapika mara mbili. Lau tungalipanda saa ile moja, na saa nyingine ya kurudi, hatujui tungalifikaje.

Kesho yake tulikwenda Sur kwa gari. Tukalitazama jahazi la Fatah al-Khair, ambalo watu wa Sur walilinunua Yemen na kulirudisha kwao mwaka 1993, kisha vijana wakalipa kisogo na kuitazama milima, wakibishana ni kilele kipi kilichokuwa chetu. Hawakukubaliana.

Kwa jamaa watakaopenda kwenda: nendeni baina ya Novemba na Februari, mtu achukue lita tano zake mwenyewe, msiingie mabondeni mawingu yakionekana milimani, na mwacheni mtu nyumbani anayejua mmeelekea wapi. Sisi tumeandikiana na mzee, naye amekubali kutupokea tena Januari ijayo, kwa sharti kwamba maji atayapakia yeye.