Nilimlaani Shemeji, Kumbe na Mimi ni Walewale!

Simu iliita saa nne usiku. Mimi na mchumba wangu tulikuwa tumekaa sebuleni kwetu Tabata, tunaangalia tamthilia, sahani za wali bado ziko mezani. Kuona jina la dada yangu nikajua kuna jambo, maana dada siyo mtu wa kupiga usiku.

"Mdogo wangu, nimetolewa. Niko nje na watoto."

Msomaji wangu, usiombe kusikia sauti ile ya dada yako. Nilivaa viatu bila soksi, nikachukua bodaboda mpaka Mbagala. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, pembeni mabegi mawili, jiko lake la mkaa na watoto watatu wamelala kwenye kibaraza cha jirani. Hiyo ilikuwa 2022. Miaka kumi na moja dada ameishi na shemeji, miaka kumi na moja majirani wanamwita mama fulani, mke wa fulani. Usiku huo shemeji alimwambia sentensi moja tu: "Kwani mimi na wewe tumefunga ndoa wapi?"

Na kweli, ndoa haikufungwa. Shemeji alileta barua ya posa mwaka 2011, mahari akalipa nusu, nyingine akasema italetwa. Mambo yakaendelea, mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyumbani tukazoea. Hata mama alikuwa anamwita mkwe, bwana! Nani angekumbuka karatasi?

Siku ile ndiyo karatasi ikakumbukwa.

HASIRA ZA KIUME

Nitakuwa mkweli. Wazo langu la kwanza halikuwa sheria. Wazo langu lilikuwa kwenda na vijana wanne wa mtaani tukamtoe yeye. Dada alinishika mkono. "Ukifungwa wewe, nani atanisaidia?"

Asubuhi tukaenda polisi. Askari wa kike alitusikiliza vizuri, akamuuliza dada kama amepigwa. Dada akasema hapana. Akatuambia hilo la nyumba ni la madai, siyo la jinai. Kama angepigwa wangefungua jalada, lakini mgawanyo wa mali wanaamua mahakamani. Mimi na shahada yangu ya uhasibu nilikuwa sijui tofauti hiyo. Nilidhani ukionewa unaenda polisi, basi.

Nikatafuta wakili. Kijana mwenzangu tu, ofisi nzuri, kiyoyozi, viti vya ngozi. Alinielewa kabisa, akanitajia gharama: milioni moja na laki tano za kuanzia. Mimi wakati huo nikishakatwa makato yote nabaki na laki sita na nusu, kodi juu yangu, ada ya mdogo wetu juu yangu. Dada yeye anauza chapati na samaki wa kukaanga Rangi Tatu, akipata elfu kumi ya faida siku hiyo anamshukuru Mungu.

Simlaumu wakili. Ndiyo kazi yake na ana kodi ya kulipa. Lakini nilipotoka pale nilisimama kwenye ngazi nikajisemea: kumbe haki nayo ina bei, na sisi hatuna. Nilimpigia dada nikamdanganya. Nikamwambia mambo yanaendelea.

Wiki tatu nikawa namdanganya hivyohivyo. Wee acha tu! Hakuna aibu kama ya kaka wa ofisini, anayevaa tai, kushindwa kumsaidia dada yake aliyemlipia ada ya sekondari kwa pesa za chapati.

MAMA WA DAFTARI

Aliyetuokoa siyo mimi. Ni mwenyekiti wa VICOBA cha dada. Alimwambia kuna mama mmoja anapatikana ofisi ya kata, ni msaidizi wa kisheria, aende akamwone.

Nilimsindikiza huku moyoni nadharau. Nilitegemea ofisi, nikakuta meza moja, benchi na mama wa makamo mwenye kitenge na daftari kubwa. Akanitazama na tai yangu. "Karibu mwanangu. Kwanza ujue, mimi siyo wakili. Sisimami mahakamani kwa niaba ya mtu. Kazi yangu kukuonyesha njia, na njia haina malipo."

Baadaye ndiyo nikajua kwamba watu kama yule mama wanatambuliwa rasmi. Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, ikawatambua wasaidizi wa kisheria, ikaweka msajili wa watoa huduma na utaratibu wa kumsaidia mtu asiye na uwezo, hata kwenye kesi za madai kama ndoa, ardhi na mirathi. Mimi nilidhani msaada wa namna hiyo ni wa watu wenye kesi za mauaji tu!

Mama akamuuliza dada maswali. Mmeishi pamoja muda gani? Majirani wanakujua kama nani? Nyumba ilijengwa lini? Bati nani alinunua?

Dada akajibu taratibu. Mama akafunga daftari.

"Umekaa na mwanaume miaka kumi na moja, watu wote wanajua ni mumeo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana na jamii kuwa ni mume na mke, inachukuliwa kuwa ni wanandoa. Inaitwa dhana ya ndoa. Anaweza kuipinga, ndiyo, lakini aje apinge mbele ya hakimu, siyo usiku mlangoni."

Dada alianza kulia. Nadhani ni mara ya kwanza tangu atolewe kusikia mtu akimwambia kwamba yeye alikuwa mke.

BATI LA VICOBA

Mama akatupa kazi ya nyumbani. Tutafute kila kitu kinachoonyesha maisha ya wale wawili. Nilidhani hatuna kitu, kumbe tunacho kibao. Kadi za kliniki za watoto zenye majina ya wazazi wote wawili. Fomu za shule. Barua ya posa, ambayo mama yetu aliitunza kwenye sanduku la kanga. Mjumbe wa mtaa akakubali kuja kutoa ushahidi. Fundi aliyepaua nyumba akakumbuka vizuri kwamba aliyekuwa anamlipa na kumpikia ni dada.

Lakini kilichonigusa ni daftari la VICOBA. Mwaka 2016, dada alikopa laki tisa. Pembeni, kwa mwandiko wa katibu, imeandikwa: bati. Nyumba ile ambayo shemeji alisema ni yake peke yake, juu yake limekaa deni ambalo dada alilirejesha kwa chapati, wiki hadi wiki.

Na hata bila bati, mama alituambia, bado dada asingetoka mikono mitupu. Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo zinahesabika kama mchango kwenye mali ya wanandoa. Kupika, kufua, kulea. Tangu 1983, jamani, mimi hata sijazaliwa!

Tulianzia baraza la usuluhishi la kata. Shemeji alikuja mara moja, akasema hana cha kusuluhisha kwa sababu hana mke. Baraza likaandika kwamba usuluhishi umeshindikana, tukapewa hati. Mama akatuelekeza kwa taasisi inayotoa msaada wa kisheria. Dada mmoja mwanasheria akakaa na dada yangu saa mbili, akamwandikia madai yake vizuri, akamfundisha namna ya kujieleza. Hakutozwa hata mia.

Shauri likafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Pale mambo yote ni Kiswahili. Dada alisimama mwenyewe, na khanga yake begani, na daftari la VICOBA mkononi. Mwanzo sauti ilitetemeka. Shemeji alipomuuliza, "Una risiti gani ya hiyo nyumba?" dada alimjibu, "Risiti yangu ni hao watoto wako uliokuwa unawakuta wameshiba, na hili daftari hapa." Kisha akalifungua ukurasa wa mwaka 2016, akampa hakimu.

Hukumu ilitoka 2023. Mahakama ikaona dhana ya ndoa ipo. Dada akapewa asilimia arobaini ya thamani ya nyumba, watoto wabaki naye, baba atoe matunzo.

Usidhani ilikuwa sherehe. Kesi ilichukua miezi kumi, na siku za kesi dada hakuuza. Shemeji analipa kidogokidogo, mara alipe, mara apotee, tunarudi mahakamani kukazia hukumu. Dada sasa amepanga vyumba viwili na ana meza yake ya chapati. Hajarudi kwenye ile nyumba. Lakini watoto wake wanajua mama yao hakufukuzwa kama hawara. Hilo kwake ni kubwa kuliko asilimia.

SWALI LA MCHUMBA

Sasa nikupe stori ambayo sikutaka kuiandika.

Wakati kesi inaendelea, kila jioni nikirudi nilikuwa namsimulia mchumba wangu. Namponda shemeji vibaya mno. Mwanaume gani yule! Mtu anaishi na mwanamke miaka yote, anakula jasho lake, halafu anamwambia hatujafunga ndoa!

Siku moja alikuwa ananyoosha shati langu la ofisini. Hakugeuka. Akaniuliza taratibu, "Kwani mimi na wewe tumefunga ndoa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na kile kiwanja cha Chanika," akaendelea, "kina jina la nani?"

Msomaji, chumba kilikuwa kidogo ghafla. Kiwanja tulinunua 2020. Mimi nilitoa milioni tatu, yeye akatoa milioni mbili za mchezo wake wa kazini. Siku ya kuandikishiana kwa serikali ya mtaa alikuwa zamu, nikaenda mwenyewe, nikaandika jina langu. Sikuwa na nia mbaya, naapa! Nilisema tutabadilisha. Miaka miwili ikapita. Nilikuwa nasema tutafunga ndoa tukishajenga, tutabadilisha jina tukishafunga ndoa. Kila kitu kikawa kinasubiri kingine.

Nikajiuliza, hivi shemeji alikuwa mtu mbaya mwaka 2011? Hapana. Alikuwa mtu kama mimi, mcheshi, anampenda dada yangu, anasema nusu ya mahari italetwa. Ubaya haukuanza usiku ule wa kumtoa nje. Ulianza na lile neno "baadaye".

Nikataka kujitetea, nikasema lakini mimi siwezi kukufanyia vile. Akaweka pasi chini. "Dada yako naye alikuwa anasema hivyohivyo kuhusu mumewe."

Tulilala bila kuongea. Siyo kwa ugomvi, kwa aibu yangu.

TULICHOFANYA

Jumamosi iliyofuata tulienda Chanika wote wawili. Tukamtafuta muuzaji, tukaenda naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukaandika upya makubaliano kwa majina mawili, mashahidi wakasaini. Kisha tukapeleka kwa wakili akashuhudia. Ndiyo, safari hii nilimlipa wakili, na ilikuwa pesa ndogo sana ukilinganisha na milioni moja na nusu. Karatasi ya mapema ni rahisi kuliko kesi.

Baadaye tukaenda bomani kutoa taarifa ya nia ya kufunga ndoa. Siku ishirini na moja za tangazo zikapita, tukafunga. Wageni kumi na wawili, pilau nyumbani kwetu. Dada yangu alikaanga samaki. Yule mama wa daftari tulimwalika, akaja na kitenge kipya.

Wapenzi wasomaji, sisi tunaoishi pamoja "tukijipanga" tuko wengi. Sikwambii ukimbie bomani kesho. Nakwambia tu, kaeni chini mjue mali ni ya nani na imeandikwaje, mkiwa bado mnapendana. Wekeni risiti. Andikeni michango.

Na kama una dada, shangazi au dada wa kazi anayehangaika na ndoa, kiwanja au mirathi, usimdanganye kwa simu kama nilivyofanya mimi. Kama huna pesa ya wakili, usiishie pale kwenye ngazi. Ulizia msaidizi wa kisheria kwenye kata. Zipo taasisi kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ambazo zimefanya kazi hii kwa miaka mingi. Kwa matunzo ya watoto, onana na afisa ustawi wa jamii. Na Wiki ya Sheria inapofika, mwishoni mwa Januari kuelekea Februari, wanasheria wanatoa elimu na ushauri hadharani bila malipo. Mpe nauli, msindikize, kaa naye kwenye benchi. Nauli tu na kampani, wakati mwingine ndiyo msaada wenyewe.

Juzi mke wangu alikuwa anapanga makaratasi kwenye faili. Akaitoa ile karatasi ya Chanika, akaisoma, akairudisha. Nikamuuliza, "Unaangalia nini, si unaijua?"

Akasema, "Naangalia jina langu tu."