Nyumba Njema si Mlango

Ukiondoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi kwa daladala ya kwenda Buguruni, hutakosa kuwaona abiria waliobeba vifaa vya ujenzi. Huyu ameweka kopo la rangi mapajani, yule ameshika kitasa kipya kilichofungwa katika karatasi, na chini ya kiti cha nyuma umelazwa mfuko wa misumari ya bati ulionunuliwa Gerezani. Kando ya Barabara ya Uhuru mikokoteni inasukumwa ikiwa imesheheni mabati, na wasukumaji wanapiga miluzi kuomba njia. Mgeni atadhani kwamba mji mzima unahamia katika nyumba mpya. Sivyo. Watu hawa wanarudi katika nyumba zao zilezile za zamani, na kila mmoja ana azma ya kuifanya ya kwake ipendeze kabla ya mvua za masika.

Buguruni imekaa pale ambapo Barabara ya Uhuru inakutana na Barabara ya Mandela, baada ya kuipita Ilala. Hapa lipo soko lenye kelele za wauza matunda tangu alfajiri. Hapa ipo Shule ya Viziwi iliyoanzishwa mwaka 1974. Na hapa zipo Malapa, Madenge, Rozana na Mnyamani, mitaa ambayo wafanyakazi wengi wa jiji wamepanga chumba chao cha kwanza. Lakini anayetaka kuijua Buguruni hasa, na apige hodi katika nyumba moja.

Nyumba nyingi za zamani za hapa ni za Kiswahili. Mbele pana baraza. Mlango mkubwa upo katikati, nao unafunguka kwenye ukumbi mrefu unaonyooka mpaka uani. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Uani kuna jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba huishi katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki huvipangisha. Kwa familia nyingi nyumba ya namna hiyo ndiyo shamba lao la mjini: ndiyo iliyosomesha watoto, na ndiyo inayomtunza mzee ambaye hana pensheni.

Zamani kuta zilikuwa za boriti za mikoko, fito na udongo, na paa lilikuwa la makuti au madebe yaliyonyooshwa. Kisha kiwanda cha mabati cha ALAF kikaanzishwa mwaka 1960, na kile cha saruji cha Wazo Hill kikaanza kuzalisha mwaka 1966. Polepole udongo ukafichwa nyuma ya lipu ya saruji. Mwaka 1977, akiandika kuhusu Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tumeipenda mno saruji na bati hata tukaudharau udongo wetu, ambao unaweza kutupa matofali na vigae vizuri. Lalamiko hilo lilinirudia akilini siku niliyoingia katika nyumba moja upande wa bondeni, jirani na Mnyamani.

MAMA, MWANA NA FUNDI

Mwenye nyumba ni mama mjane aliyekwisha pita miaka sabini. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniwekea kigoda barazani. "Mwanangu," akaniambia, "marehemu alipoijenga nyumba hii, ulikuwa unapanda ngazi mbili kuingia. Leo unashuka." Ni kweli. Kwa miaka mingi kifusi kimemwagwa njiani ili kuinua barabara, na kila barabara ilipoinuka, nyumba ilizidi kuzama. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima huingia kwake kama mgeni asiyepiga hodi.

Mama huyu alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, akaijumlisha na akiba ya kodi za wapangaji wanne. Mwanawe, ambaye anauza nguo Kariakoo, aliongeza sehemu yake. Fedha zikawepo, ila makubaliano hayakuwepo.

Kijana alitaka kuvunja ukuta wa chumba cha mbele ili kipatikane kibanda cha biashara, yaani fremu kama wanavyosema watu wa mjini, kisha nyumba ipakwe rangi na kutiwa mlango wa chuma. "Mama, mtu anaanza kuuona uso," alisema. "Fremu moja italipa kuliko vyumba viwili."

Mama akamjibu taratibu: "Baba, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hao wapangaji wangu wanalala wameweka magodoro juu ya matofali. Uso huo nitauonyesha nani?"

Ndipo akaitwa fundi mwashi, mzee wa palepale mtaani. Fundi hakusema neno. Alitoa timazi mfukoni, akaining'iniza kwenye pembe ya nyumba, akaitazama kwa jicho moja. Akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza. Halafu akakwangua lipu karibu na sakafu, nayo ikamwagika kama unga wa muhogo. "Mama," alisema, "nyumba hii haiumwi usoni. Inaumwa miguuni."

MAJI KWANZA

Msomaji, maneno hayo ya fundi ndiyo kiini cha makala haya. Ukuta usio na kizuizi cha unyevu juu ya msingi huvuta maji kutoka ardhini kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta ya taa. Maji hupanda yakiwa na chumvi. Maji yanapokauka, chumvi hubaki, hujikusanya, huisukuma lipu na kuibandua. Kupaka rangi juu ya ukuta wa namna hiyo ni sawa na kumpaka poda mgonjwa wa homa. Atapendeza kwa saa moja.

Dawa yake ya kwanza haina gharama kubwa. Ni mfereji wa kuizunguka nyumba, wenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali na ukuta, pamoja na kuondoa kifusi kilichorundikwa ubavuni. Pale msingi ulipolika, hutengenezwa kipande kwa kipande: hatua moja huchimbwa, hujengwa, huachwa ikauke, ndipo inapofuata nyingine iliyo mbali nayo. Anayeufukua msingi wote kwa siku moja anaiacha nyumba ikining'inia hewani.

Tena fundi na asimamiwe. Lipu njema ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu nne au tano za mchanga safi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, nao huleta ugonjwa uleule uliokusudiwa kutibiwa. Kazi ya saruji imwagiwe maji kwa siku saba, kwani saruji haiwi ngumu kwa kukauka bali kwa kunywa maji. Na mwenye ukuta wa udongo asiubandike lipu nzito ya saruji: udongo hutanuka na kusinyaa, saruji haifuati, na baada ya muda viwili hivyo huachana. Udongo uliochanganywa na chokaa unafaa zaidi. Anayehitaji kujenga ukuta mpya anaweza kufikiria matofali ya udongo yenye saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine. Hayo yamehimizwa kwa muda mrefu na wataalamu wa serikali, tangu Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi kilipoundwa mwaka 1971 mpaka Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora ulioanza mwaka 2001.

PAA, HEWA NA CHOO

Baada ya miguu, kichwa. Fundi alituingiza vyumbani saa sita mchana, akafunga madirisha, akatuambia tutazame juu. Tukaona nyota za mchana: vitundu vya misumari iliyolegea na kutu iliyokula bati. Mara nyingi bati zima halina haja ya kubadilishwa. Msumari mpya wenye mpira wake, na kofia ya paa iliyokazwa vizuri, vinaweza kumwokolea mtu fedha za mabati kadhaa.

Joto nalo lina dawa. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha jua. Dari huzuia joto lisimshukie mlalaji. Matundu ya hewa yanayokabiliana hupitisha upepo. Lakini matundu hayo, pamoja na uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa, ndiyo njia kuu ya mbu wa malaria. Uwazi uzibwe kwa wavu, na madirisha yawekewe wavu. Ni kazi ya siku moja ya seremala, na faida yake huonekana kila mama anapolala usiku bila kumhangaikia mtoto mwenye homa.

Choo ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, kwa kuwa hakionekani njiani. Bondeni Buguruni, ambako maji ya ardhini hayapo mbali, shimo hujaa upesi, na wapo wasio na haya wanaosubiri mvua ili wakitapishe choo chao kwenye mkondo unaopita mlangoni kwa jirani. Choo kinachoweza kufikiwa na gari la kunyonya majitaka, kilichoinuliwa kuliko mafuriko na kufunikwa vizuri, ni mali. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Mbu wakakosa pa kuzalia, na maambukizi ya matende yakapungua sana baada ya watu kupewa dawa pia. Uani ni sehemu ya nyumba, na afya ya nyumba huanzia huko.

THAMANI NI NINI?

Kijana hakuwa na kosa kutaka fremu. Mji unakua, biashara zinasogea kutoka Kariakoo kuja pembezoni, na chumba cha mbele kinaweza kuilisha familia. Lakini ukuta wa mbele wa nyumba hizi hubeba paa. Kuukata bila nguzo na linta ya zege yenye nondo, bila kibali cha halmashauri na bila kumwuliza mtaalamu, ni kucheza na roho za watu. Jumamosi ya Novemba 16, 2024 ghorofa moja liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Nyumba ya vyumba sita si ghorofa; hata hivyo uzito hauna huruma kwa nyumba ndogo.

Ipo pia thamani ya karatasi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 wakazi wa maeneo yasiyopimwa ya Dar es Salaam walianza kupewa leseni za makazi chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Hati hiyo humtambulisha mwenye nyumba, nayo inaweza kumsaidia anapoomba mkopo. Mjane au yatima asiye na karatasi anaweza kupaka rangi nyumba ambayo kesho ndugu wataigombea. Kwa hiyo, kabla ya kununua kopo la rangi, familia na ikae, jina la mwenye mali na haki za warithi zijulikane.

Baada ya mabishano ya siku tatu, mama na mwana walikubaliana. Mfereji, msingi na choo vingekuwa vya mwaka huu. Wavu na misumari ya paa vingefuata. Fremu ingengoja mwaka unaokuja, nayo ingejengwa kwa linta.

Nilirudi wakati wa masika, usiku mmoja baada ya mvua kubwa. Njiani maji yalinifika vifundoni. Kwa mama yule yalikuwa yakipita ubavuni mwa nyumba, ndani ya mfereji, yakienda zake. Ukumbi ulikuwa mkavu. Mpangaji mmoja alikuwa ametandika mkeka, watoto wake wawili wamelala juu yake, na godoro halikuwa juu ya matofali tena. Ukuta wa mbele ulibaki na rangi yake ya zamani iliyochujuka, na mpita njia angeapa kwamba hapakufanyika kitu chochote katika nyumba ile.

Kijana alinisindikiza mpaka barabarani akiwa ameshika tochi. "Wateja wangu wa Kariakoo hawataamini kwamba tumetumia fedha zote zile," aliniambia huku akicheka. Kisha akanyamaza kidogo, akageuka kuitazama nyumba. "Lakini mama leo amelala mapema."