Nusu ya Nyumba, Constitución

Kutoka Talca nilipanda buscarril, treni ndogo inayoufuata Mto Maule kwa kilomita 88 hadi Bahari ya Pasifiki. Reli yake ina upana wa mita moja kama Reli ya Kati ya zamani ya kwetu Tanzania, na mtikisiko wake niliutambua mara moja. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufika Chile. Mwanafunzi wa usanifu majengo alikuwa amekubali kunitafsiria.

Mji wa Constitución umekaa pale mto unapoingia baharini. Tarehe 27 Februari 2010, saa tisa na dakika 34 usiku, tetemeko la ukubwa wa 8.8 lilipiga, kisha tsunami ikapanda mtoni. Katika kisiwa cha Orrego familia zilikuwa zimepiga mahema kumalizia sherehe za kiangazi. Wengi walikufa humo.

Kwa msiba wa namna hii Chile huwa na mediagua, kibanda cha mbao cha mita 3 kwa 6. Paneli huja zimeshapigwa misumari, na watu wachache hukisimamisha kwa siku moja au mbili. Kinaokoa watu na baridi, nakiheshimu kwa hilo. Ila hakina bomba wala choo, na fedha iliyokijenga haiingii katika nyumba ya kudumu.

Nilichokifuata kiko mlimani: Villa Verde, nyumba 484 zilizosanifiwa na Elemental, ofisi ya msanifu majengo Alejandro Aravena, kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya misitu ya Arauco na wakandarasi wake. Paa lilifunika upana wote, lakini chini yake upande mmoja tu ulikabidhiwa ukiwa na kuta. Mita za mraba 57, zenye nafasi ya kukua hadi 85.

Nilitembea safu kwa safu. Huyu ameziba uwazi kwa mbao za rangi ya njano, yule ameweka dirisha kubwa, na kwa jirani yao nguo bado zinaanikwa pale ambapo chumba kitakuja. Mama mmoja alitukaribisha ndani.
“Huku juu alijenga nani, mama?” niliuliza.
“Mkwe wangu. Ngazi ilikuwepo tayari.”

Jibu hilo ndilo lililonifungua macho. Walichokabidhiwa ni kile kigumu: msingi, jiko, bafu, ngazi, ukuta wa kutenga jirani na jirani. Kilichoachwa, mkwe mwenye msumeno anakiweza. Wapo wanaolalamika kwamba maskini amepewa nusu. Mimi naona fedha ileile ingempa nyumba nzima ndogo, isiyo na pa kuongezea, na huo ndio unyonge mkubwa zaidi. Dar es Salaam nasi tunajenga kidogo kidogo, lakini mara nyingi tunaanza na vyumba, maji na choo vikafuata tukijaliwa.

Mwaka 2016 Elemental waliiweka wazi michoro ya Villa Verde, yeyote aichukue bila malipo. Nataka mafundi wa Katesh, walioona tope la Mlima Hanang likifukia nyumba Desemba 2023, waikague. Mbao zitabadilishwa kwa tofali, mteremko wa paa utapimwa upya kwa mvua za kule. Ngazi, bafu na ukuta wa kati vibaki vya kwanza kujengwa.