Subaru za turbo Kakanda: nguvu inatoka wapi, na zile «risasi» za usiku ni za nini?

Subaru ya turbo ikipita Kakanda usiku, watu wa mtaa wanaitambua kabla ya kuona taa zake. Kwanza unasikika mngurumo mzito wa moteri, halafu shofere akiachia mguu, zinatoka zile sauti: pa, pa-pa, pa. Vijana wa garaje wanacheka, wanaita jina la mwenye gari. Lakini katika nyumba ya tatu kuna mama aliyekimbia upande wa Mitwaba, miaka ile pembe tatu ya Manono, Mitwaba na Pweto ilipopewa jina la pembe ya kifo. Yeye hana muda wa kupima kama ni gari au ni bunduki. Anavuta watoto chini kwanza, gari atalijua baadaye.

Wengi wanafikiri zile sauti ni moteri inayoonyesha nguvu yake, au ni gari limeharibika. Si hivyo. Mara nyingi ni kazi iliyolipwa kwa dola, na fundi ameiandika kwa makusudi ndani ya kalkilatere, ile kompyuta ndogo inayoamuru moteri. Kwa kuwa iliandikwa na mtu, mtu anaweza kuifuta. Ili kuelewa vipi, inafaa kufungua kifuniko cha mbele na kuanza na turbo yenyewe.

Gari linalopendwa zaidi kwa kazi hii ni Subaru Impreza WRX, iliyotoka Japani mwaka 1992, na ndugu yake Forester ya turbo. Moteri yake ina lita 2 na silinda nne zinazolala, mbili kulia, mbili kushoto. Gari lililotumika linashuka bandarini Dar es Salaam, linapita Tunduma, linakata Zambia yote, linaingia kwa Kasumbalesa. Bei ya shaba na kobalti ikiwa nzuri, kijana wa Likasi au Kakanda analipata. Wiki ya pili tayari analiona polepole.

Turbo ni panka mbili kwenye ufito mmoja. Moshi unaotoka katika moteri unazungusha panka ya kwanza, na hiyo inazungusha ya pili, ambayo inasukuma hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, esanse nyingi zaidi inaweza kuungua, na nguvu inapanda. Ufito huo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unachokalia ni utando mwembamba wa mafuta ya moteri, basi. Ndiyo maana mafundi wazee wanagombana na vijana wanaotoka mbio na kuzima gari papo hapo: mafuta yanasimama, turbo bado ina moto mkali, yanaungua na kuwa mkaa. Dakika moja au mbili za kuacha gari lingurume taratibu zinaokoa dola mia kadhaa.

Watu wanaanza na eshapema kwa sababu inasikika. Na kwa kweli, kwenye gari la turbo bomba la moshi lina kazi kuliko kwenye gari la kawaida. Moshi ukipata njia pana baada ya turbo, panka inaamka mapema na hewa inaingia kwa nguvu zaidi. Sehemu inayobadilisha mambo ni lile bomba la kwanza linaloshuka kutoka kwenye turbo. Lile kopo kubwa linalong'aa nyuma, ambalo ndilo kila mtu anapiga nalo picha, linaleta kelele nyingi na nguvu kidogo sana.

Shida inaanza hapa. Ukifungua njia ya moshi bila kuijulisha kalkilatere, turbo inaweza kupita kipimo cha kiwanda. Hewa inazidi, esanse inabaki ileile. Kwa esanse, mchanganyiko wa kawaida ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya esanse. Gari la turbo likikanyagwa hadi mwisho linahitaji esanse zaidi ya hapo, kama 11 au 12 kwa 1, kwa sababu ile esanse ya ziada ndiyo inayopoza moto ndani ya silinda. Likikosa, pistoni inaanza kuumia kimyakimya. Gari linakimbia vizuri kweli, mwenyewe anafurahi, mpaka siku moshi wa buluu unapoanza kutoka nyuma.

Basi kalkilatere inabidi iguswe. Kwa magari ya miaka ya 2000 na kuendelea, fundi anachomeka kamba chini ya volan, anasoma programu ya kiwanda, anabadilisha meza za namba: esanse kiasi gani, buji ziwashe saa ngapi, turbo isukume hadi wapi. Yale ya zamani zaidi mara nyingi yanataka kubadilishwa chipu au kalkilatere nzima. Kazi nzuri inafanywa gari likiwa linatembea, na kipimo cha mchanganyiko kimefungwa kwenye bomba la moshi, na mtu anasikiliza kama moteri inagonga ndani. Kazi mbaya ni programu iliyoletwa kwenye ufunguo wa USB, iliyoandikwa kwa gari lingine, katika nchi nyingine, kwa esanse nyingine.

Na nchi ni neno zito katika hesabu hii. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, Kolwezi juu zaidi kidogo. Hewa ya huku ni nyepesi, pungufu kama sehemu moja kwa saba ukilinganisha na Dar es Salaam. Gari lisilo na turbo linachoka tu. La turbo halichoki, linajaribu kuziba pengo kwa kuzungusha panka haraka zaidi, na hewa inayobanwa zaidi inatoka ya moto zaidi. Programu iliyokuwa salama pwani, huku juu inabana turbo mpaka ukingoni. Halafu esanse. Magari mengi ya mbio ya Japani yaliandikwa kwa esanse ya juu ya kwao, ya oktani 100. Huku shofere anajaza kwa kadafi wa barabarani, kutoka bidoni, na anayejua kilichochanganywa mle ni aliyechanganya peke yake. Esanse dhaifu inawaka kabla ya wakati chini ya mbano, inapiga pistoni kama nyundo. Fundi mwaminifu anachelewesha moto wa buji na kushusha turbo. Mteja anakasirika kwamba amelipa ili gari lipunguzwe nguvu. Fundi ana haki.

Bado vumbi. Kakanda yote inajua vumbi jekundu la barabara ya malori. Kijana anatoa filtri ya kiwanda iliyofichwa ndani ya boksi, anaweka ile ya wazi yenye umbo la koni, kwa sababu inalia vizuri turbo ikivuta. Punje za mchanga zikipita hapo zinasugua panka ya turbo kama msasa. Pia inavuta hewa ya moto ya chini ya kifuniko. Katika yote yanayofanywa kwenye magari haya, hilo ndilo la kijinga kuliko yote, na ndilo la bei rahisi, kwa hiyo linafanywa sana.

Waliojua kazi hawakuchezea hewa. Mashindano ya Safari Rally ya Kenya yalikuwa mtihani wa magari ya turbo barani Afrika: mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica ya turbo, mwaka 1994 Ian Duncan, mwana wa Kenya, akashinda na Celica nyingine. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda na Subaru Impreza, na gari lile lilikuwa na bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo hadi karibu na paa, ili lipumue juu ya vumbi na maji. Wengi wanakumbuka rangi yake ya buluu, lile bomba hawalikumbuki. Miaka minne kabla, mwaka 1993, McRae huyohuyo alianza Safari na Subaru Vivio, kigari cha moteri ya 660 cc, akaishia njiani. Patrick Njiru wa Kenya, na Vivio kama hiyo, alifika mwisho, akawa wa 12.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi garajeni. Kongo gari zinatembea upande wa kulia wa barabara, na magari haya yana volan kulia. Shofere akiwa nyuma ya lori la madini kwenye barabara ya Likasi kwenda Kolwezi haoni mbele mpaka atoe karibu gari zima nje. Sasa mwekee turbo kubwa, ambayo chini ya mizunguko 4,000 imelala. Anakanyaga, hakuna kitu, anahesabu moja, mbili, halafu nguvu yote inakuja mara moja, wakati lori la upande wa pili limeshawasha taa. Turbo ndogo ya kiwanda inayoamka mapema ingempitisha salama. Breki pia zinabaki za zamani, pamoja na mipira iliyochakaa.

Turudi kwenye zile sauti. Katika magari ya mashindano zilikuwa na kazi: esanse kidogo ilipelekwa kuungua ndani ya eshapema shofere akiachia mguu, ili turbo isilale kwenye kona. Iliunguza turbo na mabomba, lakini timu zilikuwa na turbo nyingine ndani ya gari la vifaa. Barabarani Kakanda hakuna kona inayohitaji hilo. Fundi anaandika tu kwamba mguu ukiachiliwa, esanse iendelee kumwagika na buji zichelewe, na esanse ile inalipukia ndani ya bomba. Nguvu inayoongezeka ni sifuri. Esanse inapotea, panka inachomeka, na kama katalizeri bado ipo, inayeyuka. Wengine wameshaitoa na kuiuza, kwa kuwa ndani yake kuna platini na paladi. Jointi za eshapema zikiwa mbaya, moshi unaingia chini ya viti, na ule moshi usio na harufu unalaza watu wasiamke.

Mtu aliyekimbia Mitwaba, au aliyefika kutoka Kivu baada ya Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa 2025, hawezi kuambiwa azoee. Vijana wenye magari si watu wabaya, baadhi yao wana shangazi na wajomba katika nyumba hizo hizo. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba gari linaweza kubaki na nguvu yake yote bila mlipuko hata mmoja. Linaweza. Ni meza mbili au tatu ndani ya programu, na fundi mwenye kamba na kompyuta hamalizi saa nzima. Silansie ya kiwanda, kama bado iko nyuma ya garaje, inarudi kwa bolti chache na jointi mpya.

Kisichorudi kirahisi ni programu ya kwanza. Fundi mzuri anaihifadhi kabla ya kubadilisha namba hata moja, na anampa mwenye gari nakala. Anayeharaka anaandika juu yake. Kwa hiyo kabla kamba haijachomekwa, muulize ataiweka wapi, na umwone akiiweka, maana bila hiyo itabidi kutafuta kalkilatere nyingine Lubumbashi, ya mwaka uleule na moteri ileile.