Sinchon, Usiku wa Kuamkia Jumatano

Ukipanda ngazi za kituo cha treni cha Sinchon, magharibi mwa Seoul, unatokea katikati ya mtaa wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Yonsei kiko karibu, vya Ewha na Sogang navyo haviko mbali, na majengo yamevikwa mabango tangu chini hadi paani: nyama ya kuchoma, karaoke, kinyozi, daktari wa meno. Katikati ya mabango hayo hukosi kuliona lenye herufi PC na neno la Kikorea “bang”, yaani chumba. Kwa zaidi ya miaka 25 vyumba hivi vya kompyuta vimekuwa baraza la vijana wa Korea Kusini.

Nilifika huko kwa sababu nilitaka kuwatazama kwa karibu watu ambao kwetu huhukumiwa kabla ya kusikilizwa: wachezaji wa gemu za uhusika. Katika gemu hizi mtu hapewi timu ya mpira wala gari la mashindano. Anaumba mhusika wake, anampa jina, anamchagulia kazi, awe mpiga upanga, mlenga mishale au mganga, kisha anamlea kwa miezi na miaka, akipanda levo baada ya levo na kuvaa silaha alizozitolea jasho. Maelfu ya wengine nao wana wahusika wao, na wote wanakutana katika ulimwengu mmoja ndani ya intaneti.

Mwenyeji wangu alikuwa mwanafunzi wa uzamili kutoka Morogoro. “Shikamoo, mzee,” aliniamkia mlangoni. “Karibu. Chumba kiko huku chini.” Tulishuka ngazi, tukalipia kwenye mashine iliyo mlangoni. Saa moja hugharimu kati ya won 1,000 na 2,000, kutegemea mtaa, na kila kiti kina nambari yake.

Ndani kulikuwa na safu ndefu za viti vyenye migongo mirefu, skrini pana na hedifoni nzito. Hakuna aliyepiga kelele. Kilichosikika ni mlio wa vibodi, mfululizo, na mara mojamoja mtu akicheka na wenzake walio mbali kupitia kipaza sauti. Moshi haukuwepo, kwani tangu sheria ya mwaka 2013 mvutaji anaingia kwenye kibanda chake. Chakula kinaagizwa kwenye skrini ileile ya kuchezea. Kijana wa kiti cha jirani alibofya picha ya tambi za ramyeon zenye yai, na baada ya dakika chache mhudumu akamletea bakuli likifuka mvuke. Alikula huku macho yakiwa vitani.

Vyumba hivi vina historia ya machungu. Mwaka 1997 uchumi wa Korea Kusini uliporomoka, watu wengi wakaachishwa kazi, na baadhi yao wakatumia viinua mgongo vyao kufungua biashara ya kompyuta. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikisambaza intaneti ya kasi nchi nzima. Mashine za gemu za Kijapani hazikuwa zimeenea, kwa kuwa bidhaa nyingi za utamaduni wa Japani zilikuwa bado zimezuiwa. Mwaka 1998 ikaja StarCraft kutoka Marekani, na mwaka huohuo kampuni ya NCSoft ikatoa Lineage, gemu ya uhusika iliyotokana na katuni za mchoraji Shin Il-sook. Vijana wakafurika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyumba hivyo vilizidi 20,000. Simu za mkononi na kompyuta za nyumbani zimevipunguza hadi chini ya nusu, lakini vilivyobaki havikosi watu.

Ilipokaribia saa nne usiku nikaona jambo lililonifurahisha. Wanafunzi wa sekondari, wengine wakiwa bado na sare za shule, walianza kuvua hedifoni na kubeba mabegi yao. Mhudumu alipita kwenye safu zao, akawakumbusha kwa upole waliosalia. Sheria hairuhusu walio chini ya miaka 18 kukaa humo kuanzia saa nne usiku hadi saa tatu asubuhi bila mzazi au mlezi. Wakaaga, wakapanda ngazi, na viti vyao vikachukuliwa na watu wazima waliotoka kazini.

Hapo ndipo usiku wenyewe ulipoanza. Ilikuwa Jumanne, na kwa wachezaji wa Lost Ark Jumanne ni siku nzito. Gemu hiyo, kazi ya kampuni ya Smilegate, ilifunguliwa kwa umma wa Korea mwaka 2018, na wiki yake inaanza upya kila Jumatano saa kumi na mbili asubuhi. Pambano kubwa humlipa kila mhusika mara moja tu kwa wiki, hivyo ambaye hajapigana kufikia alfajiri amepoteza haki yake ya wiki nzima. Kutwa ofisini, jioni mezani na familia, na usiku wa kuamkia Jumatano kumalizia viporo vya vita: hayo ndiyo maisha ya kawaida ya mchezaji.

Mwenyeji wangu alinikalisha kando yake. Mhusika wake ni Bard, mwanamke mpiga kinubi ambaye muziki wake huwaponya wenzake. Vidole vya mkono wa kushoto vilikaa juu ya herufi Q, W, E, R na A, S, D, F, kila herufi ikiwa na nguvu yake, na mkono wa kulia ulikuwa kwenye kipanya. Walikuwa watu wanane katika vikosi viwili vya wannewanne, kila kikosi na mganga wake. Mmoja wao alikuwa safu ya nyuma yetu, na wengine walikuwa miji ya mbali, hadi Busan.

Nilidhani macho yake yangekuwa kwa lile jitu lenye mapembe lililokuwa likivunja sakafu ya uwanja. La. Yalikuwa pembeni mwa skrini, kwenye mistari ya uhai wa wenzake watatu. Mstari mmoja ulipopungua, kidole kiligusa kitufe, kinubi kikalia, na mstari ukajaa tena. “Mimi sipigi sana, mzee,” alisema bila kugeuka. “Kazi yangu ni kuangalia wenzangu wasife.”

Walishindwa. Mmoja alisogea upande usio wake, sakafu ikavunjika chini yake, na muda si mrefu wote wakaanguka. Maneno ya Kikorea yakatiririka kwenye kisanduku cha mazungumzo. Aliyekosea alikuwa akiomba radhi, na kiongozi wa kikosi alimjibu kwamba si neno, warudie. Wakarudia, wakashindwa tena, wakapanga upya nani asimame wapi, kisha wakarudia. Lile jitu lilipoanguka hatimaye, yule wa safu ya nyuma alisimama, akaja kwenye kiti chetu, na wakapeana mikono bila maneno mengi.

Nilimwuliza kijana wangu anapata nini humu. “Nilipofika Korea sikuwa na mtu,” alinijibu. “Darasani nilifundishwa sarufi. Humu nilijifunza kuomba radhi, kushukuru na kubishana bila kugombana.” Halafu akaniambia masharti yake. Anacheza siku mbili tu kwa wiki, na mitihani ikikaribia anakiaga kikosi chake, na wenzake hawamlaumu.

Historia ya gemu hizi nchini Korea inathibitisha kwamba ndani yake mna watu wenye mioyo. Katika Lineage wachezaji huungana kwa kile kinachoitwa kiapo cha damu, wakateka ngome na kutoza kodi. Lineage II ilipotoka mwaka 2003, kwenye seva moja iitwayo Bartz muungano wenye nguvu ulishika ngome, ukapandisha kodi na kuwafukuza wanyonge kwenye mawindo mazuri. Mwaka 2004 kundi dogo liliteka ngome moja na kufuta kodi. Wakubwa walipolipiza kisasi, wachezaji wa seva nyingine waliacha wahusika wao wenye nguvu, wakaumba wapya kabisa ndani ya Bartz, dhaifu, wasio na silaha za maana, na kwa mavazi yao duni wakaitwa jeshi la nguo za ndani. Walikufa kwa mamia wakiziba njia kwa miili yao, hadi ngome kuu ikatekwa. Baadaye washindi waligombania nyara, na watawala wa zamani wakarejea. Tamaa ilikuwa ya kweli, na ujasiri ulikuwa wa kweli pia.

Madhara nayo ni ya kweli, na sitayaficha. Mwaka 2005, katika mji wa Daegu, mtu wa miaka 28 alifariki baada ya kucheza kwa takriban saa 50 karibu bila kupumzika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa. Pesa nazo zinavuja, maana gemu nyingi huuza vifaa vya bahati nasibu, na mchezaji hajui atapata nini. Januari 2024 tume ya ushindani wa biashara ya Korea iliitoza kampuni ya Nexon faini ya zaidi ya won bilioni 11 kwa kupunguza nafasi za kushinda ndani ya MapleStory bila kuwaambia wachezaji. Machi mwaka huohuo sheria ikazilazimisha kampuni kutangaza nafasi hizo wazi.

Serikali ilijaribu pia kufuli. Tangu mwaka 2011 walio chini ya miaka 16 walizuiwa kucheza gemu za kompyuta mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakahamia kwenye simu, ambazo sheria haikuzigusa, na kufikia Januari 2022 ilikuwa imefutwa. Kilichodumu ni kile nilichokiona Sinchon: chumba chenye mwanga, kisicho na moshi, chenye mtu mzima anayewakumbusha watoto saa ya kwenda nyumbani.

Treni ya mwisho iliondoka na baadhi ya wachezaji. Wengine walilipia bei maalumu ya usiku kucha wakingoja treni za alfajiri. Nilipanda ngazi nikiwa na msimamo ambao sikuwa nao nilipofika. Gemu ya uhusika ni kazi ya pamoja. Inamfundisha mtu kutunza zamu yake, kusamehe kosa la mwenzake na kurudia alipoanguka, na inamharibu pale tu anapoachwa nayo peke yake, bila kikomo na bila mtu wa kumwuliza habari.

Kwa hiyo nawasihi wazazi wenzangu wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na kwingineko: kabla hujaizima kompyuta ya mwanao, vuta kiti ukae kando yake, umwulize mhusika wake ni nani, kazi yake kikosini ni ipi, na wenzake ni akina nani. Kisha mpangie saa ya kulala, na muihesabu pamoja pesa inayotumika humo. Nanyi mnaoendesha vyumba vya gemu mitaani, wekeni mwanga wa kutosha, piteni kwenye viti, na ikifika saa nne usiku warudisheni watoto nyumbani. Korea ilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Sisi tunaweza kuanza nayo.